Arkady Fiedler, Mwandishi wa Safari na wa Vita

Mwandishi asimuliaye mambo ya kweli hana budi kuamua ataje jina la nani na afiche la nani. Katika kazi za Arkady Fiedler, Mpoland aliyesifika kwa vitabu vya safari na kwa kitabu kimoja cha vita, uamuzi huo waonekana wazi, na kwa kuufuata msomaji aweza kujua kila kitabu kiliandikwa kwa haja ya nani.

Fiedler alizaliwa mjini Poznań tarehe 28 Novemba, 1894. Wakati ule hapakuwa na dola iitwayo Poland. Nchi ilikuwa imekwisha kugawanywa baina ya Prussia, Austria na Urusi tangu mwaka 1795, na Poznań ilikuwa chini ya Wajerumani. Kipoland kilikuwa kikiondolewa shuleni. Mwaka 1901, katika mji wa Września, watoto waliokataa kufundishwa dini kwa Kijerumani walichapwa viboko. Lugha ikahifadhiwa nyumbani na katika maandishi. Antoni, babake Fiedler, alikuwa mtu wa kazi ya uchapaji, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe kuwatazama ndege, wadudu na miti. Mwana alilikumbuka deni hilo katika kitabu cha mwaka 1973, Mój ojciec i dęby, yaani “Baba Yangu na Mialoni”.

Fiedler alisoma falsafa na elimu ya viumbe katika Chuo Kikuu cha Kraków, na mwisho wa mwaka 1918 aliingia katika maasi yaliyoirudisha Poznań mikononi mwa Wapoland. Baadaye akashika safari. Alikwenda Brazil, akafuata mto Amazon hadi Peru, kisha akaenda Kanada. Kitabu chake juu ya mto Ukayali, Ryby śpiewają w Ukajali, “Samaki Huimba katika Ukayali”, kilitoka mwaka 1935 kikamjengea sifa kubwa kwao. Aliandika kama mkusanyaji wa viumbe: hutaja mnyama kwa jina lake, hueleza amemwona wapi, ndipo husimulia kisa.

Mwaka 1937 alifika Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa zamani walikiita Bukini. Safari hiyo haikuwa ya viumbe tu. Siku zile wakubwa wengi wa Poland walikuwa wakitamani makoloni, na mwaka huohuo serikali yao, kwa idhini ya Wafaransa waliokitawala kisiwa, ilipeleka tume chini ya Mieczysław Lepecki kuchungua kama Wayahudi wa Poland wangeweza kuhamishiwa huko. Wamalagasi wenyewe hawakuulizwa. Fiedler alikaa katika kijiji cha Ambinanitelo, kaskazini-mashariki, si mbali na ghuba ya Antongil. Kitabu kilichotokana na hayo kilichapishwa mwaka 1939 kwa jina la Jutro na Madagaskar!, “Kesho Twende Madagaska!” Jina hilo ni sauti ya mtu aliye Poland akitazama ng’ambo, watu wa kisiwa hawamo.

Vita vilipozuka Septemba 1939 Fiedler alikuwa Tahiti. Alirejea Ulaya akajiunga na Wapoland waliokuwa Ufaransa, na Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 akavukia Uingereza. Huko alikuta marubani wenzake wa Kikosi cha 303, kilichoundwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Northolt, karibu na London. Kikosi hicho kiliruhusiwa kupigana tarehe 31 Agosti, baada ya Ludwik Paszkiewicz kuiangusha ndege ya adui siku moja kabla, katika safari ya mazoezi. Kilipigana kwa muda wa wiki sita hivi, kikaondolewa Northolt tarehe 11 Oktoba. Fiedler aliwasikiliza marubani hao habari zikiwa bado mbichi, akaandika Dywizjon 303, kilichotolewa London mwaka 1942. Mwaka 1943 kitabu hicho kilikuwa kikipigwa chapa kwa siri ndani ya Poland, chini ya macho ya Wajerumani.

Hapa mwandishi aliyezoea kutaja kila kiumbe kwa jina lake alilazimika kuwaficha watu. Jamaa za marubani walikuwa mikononi mwa adui, kwa hiyo katika chapa ya kwanza mashujaa walipewa majina ya kubuni. Majina yao halisi yalirudishwa baadaye. Kuficha huko hakukuipunguza kweli ya kitabu, bali kulikuwa ni sharti la kuweza kuisema.

Hesabu ni jambo jingine. Kikosi kilihesabiwa kuwa kimeangusha ndege 126, zaidi ya kikosi kingine chochote katika mapigano hayo. Uchunguzi wa baadaye wa John Alcorn ulithibitisha 44 tu, ingawa hata hivyo kikosi kilibaki cha kwanza miongoni mwa vyote vilivyotumia ndege za Hurricane. Hapana haja ya kumwita Fiedler mwongo. Katika vita vya angani marubani wawili au watatu huipiga ndege moja, na kila mmoja huamini ni yake. Fiedler aliandika kama ilivyojulikana siku zile, kwa watu waliohitaji kusikia kwamba taifa lao lingali likipigana. Mwanahistoria afanye hesabu yake. Kitabu kinabaki kuwa shahidi wa jinsi watu wale walivyojiona.

Mwaka 1944, vita havijaisha, Madagaska ilirudi kwa jina la Żarliwa wyspa Beniowskiego, “Kisiwa chenye Hamasa cha Beniowski”. Huyo Beniowski alizaliwa Hungaria, akapigana upande wa Wapoland, na mwaka 1774 alianzisha kituo cha Kifaransa katika ghuba ya Antongil. Kisiwa kizima kikaitwa cha mgeni. Lakini mwaka 1953, Fiedler akiwa amekwisha kurejea Poland tangu 1946, na Wafaransa wamekwisha kuyazima kwa damu maasi ya Wamalagasi ya mwaka 1947, habari za kukaa kwake kijijini zilitoka kwa jina la Gorąca wieś Ambinanitelo, “Ambinanitelo, Kijiji cha Joto”. Sasa mahali pametajwa kama wenyeji wapaitavyo, kwa lugha yao, ambayo ina maneno iliyoyaazima katika Kibantu, kama omby, yaani ng’ombe.

Isidhaniwe kwamba njia hiyo ilinyooka hadi mwisho. Kitabu cha mwaka 1969, Madagaska ikiwa imekwisha kupata uhuru tangu 1960, kiliitwa Madagaskar, okrutny czarodziej, “Madagaska, Mchawi Mkatili”, na mshangao wa mgeni ukarudi jaladani.

Fiedler alifariki tarehe 7 Machi, 1985, huko Puszczykowo, karibu na Poznań, ambako nyumba yake ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1974. Dywizjon 303 kilisomeshwa katika shule za Poland miaka mingi, na kwa hicho ndicho jina lake latajwa zaidi. Lakini atakaye kumpima mwandishi huyu asiishie hapo. Na avisome pamoja kile cha 1939 na kile cha 1953, kisha aulize ni katika kipi watu wa Ambinanitelo wamepewa haki ile ambayo marubani wa Northolt walirudishiwa baada ya vita: kuitwa kwa majina yao wenyewe.