Mwezi Mmoja, Hesabu Tatu

Tarehe 3 Oktoba 2005 jua lilipatwa. Kivuli cha mwezi kilianzia Atlantiki, kikapita Hispania, Libya, Sudan na Kenya, kikaishilia katika Bahari ya Hindi. Magharibi ya siku hiyo Mayahudi waliingia katika Rosh Hashanah, mwaka wao mpya. Kesho yake Wahindu wakaanza siku tisa za Navaratri. Na Waislamu, baina ya tarehe 4 na 5, wakaanza kufunga Ramadhani. Mwezi ulikuwa ule ule mmoja.

Mwaka 2006 yakawa vivyo hivyo, kisha hesabu zikaachana. Miezi 12 ya mwandamo haitimizi mwaka wa jua. Hupungua siku 11 hivi. Kwa Myahudi upungufu huo si jambo dogo, kwani Sukkot, sikukuu ya vibanda inayoanza tarehe 15 ya mwezi wa Tishri, ni sikukuu ya mavuno, na mavuno hayangoji mwezi. Hivyo huongeza mwezi wa 13 mara 7 katika kila miaka 19. Wahindu nao huongeza wao, kwa kanuni nyingine. Waarabu kabla ya Uislamu pia walikuwa wakiisogeza miezi, desturi iliyoitwa nasii. Kurani, katika Sura ya Tawba, ikaikataza. Ramadhani ikawa msafiri: huyazunguka majira yote kwa miaka 33 hivi, ingawa jina lake lingali limebeba joto kali la Arabuni.

Waswahili waliikubali safari hiyo kwa ibada, si kwa tanga na jembe. Kwa hayo walishika Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, uliohesabiwa kwa miongo ya siku kumikumi. Makunduchi hadi leo huukoga mwaka huo mwezi wa Julai. Na vuli yao (wafasiri hulisahau hili) ni mvua, wala si majani yapukutikayo.

Wahindu waliongeza mwezi wao mwaka 2007, na Navaratri ikaangukia Shawali. Mayahudi wakaongeza wao 2008. Ndipo, mwishoni mwa Septemba mwaka huo, mwandamo mmoja ulipowakutanisha tena: Myahudi na mwaka mpya, Mhindu na Navaratri, na Mwislamu, ambaye safari hii saumu ilikwisha kumpita, na Idi.