Silaha za jadi

Habari za mapigano ya koo wilayani Tarime, mathalani ya Wanchari na Warenchoka, hazikosi maneno "silaha za jadi". Ni maneno ya kipolisi yanayomeza panga, rungu, mkuki na upinde bila kutafuna. Kijana wa Turwa anayetaka kujifunza shabaha hawezi kumwendea fundi akaomba "silaha ya jadi". Ataje kitu kwa jina lake.

Aanze na upinde. (Wingi ni pinde, "mapinde" yananikera.) Achague ulio laini: akiuvuta hadi shavuni, mkono usitetemeke. Kamba yake huitwa upote, neno tunaloliacha life bure. Kazi ikiisha, upote hufunguliwa ili mti upumzike. Tena usivutwe na kuachiwa bila mshale, maana nguvu ambayo ingeondoka na mshale huurudia upinde, nao waweza kupasuka.

Mshale wenyewe una wano, yaani ule ufito, na chembe mbele. Hiki ni chembe cha mshale, wingi vyembe. Chembe ya mchanga ni habari nyingine. Manyoya ya nyuma huufanya uruke bila kuyumba. Mishale hukaa ndani ya podo. Wengine husema ziaka.

Shabaha je? Gunia lililoshindiliwa nyasi linatosha. Swala wa Serengeti aachwe: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwinda bila leseni, hata kwa upinde.