Kompyuta inajuaje vyombo vyake? Historia ndogo

Wandugu, mwaka jana nilinunua kompyuta ya mutumba huku Kadutu ili nimalize TFC yangu. Nikaweka Linux. Yote ilitembea, isipokuwa kile kibao cha kidole. Fundi akasema kimekufa. Kumbe kilikosa tu kuitwa kwa jina.

Zamani mwenye mashini ndiye alipanga kadi zake, kwa kusogeza vipini vidogo juu ya kadi yenyewe. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa kanuni ya ACPI. Toka hapo fimwea, ile programu inayoamka mbele ya zote, inaipa kerneli orodha ya vifaa: betri, kwa mfano, inaitwa PNP0C0A. Kila draiva nayo imejiandikisha na majina inayoyajua. Jina likilingana, kerneli inaiita draiva, nayo inajaribu kifaa na kukichukua. Ni kama majina kwenye valve ya chuo: herufi moja ikikosa, hauingii mtihani. Lakini kifaa kinaweza kubeba pia jina la ukoo, ili draiva ya jumla ikipokee.

Upande wa ARM, yaani simu na vibao vidogo, ilikuwa fujo. Orodha hakuna, kila kibao kilielezwa ndani ya kodi ya kerneli yenyewe, faili juu ya faili. Mwaka 2011 Linus Torvalds akachoka, akalalamika wazi. Dawa ilikuwa ya zamani: mti wa vifaa, uliotoka kwa Open Firmware ya mashini za Sun, iliyokuwa kanuni ya IEEE mwaka 1994. Mti unakaa faili ya pembeni, na kila kifaa kinataja majina yake, la pekee kwanza, la jumla mwisho. Desemba 2012, Linux 3.7 ikaweza kuamsha vibao vya ARM vya namna mbalimbali kwa kerneli moja. Mimi naupenda mti kuliko ACPI: kosa lake unaweza kulisahihisha mwenyewe bila kugusa fimwea.

Kibao changu kilikuwa na jina la kiwanda tu. Lile la ukoo, PNP0C50, hakuna aliyeliandika. Nikaongeza jina la kiwanda ndani ya draiva, mstari mmoja! Sikujua kutengeneza moduli peke yake, basi nikajenga kerneli nzima, courant ikakatika mara mbili. Saa kumi na moja ya asubuhi, kishale kikasonga.