Kutoka tiba ya bure hadi kadi ya kaya

Kutoka Rungwa, kijiji kilicho jirani na pori la akiba lenye jina hilo, hadi Itigi ni safari ndefu ya kukatiza msituni. Itigi ndiko iliko Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, ya wamisionari wa Damu Azizi. Safari hiyo inamgharimu mgonjwa nauli kabla hata ya tiba.

Nani alipe tiba yenyewe ni swali la zamani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ya Tanzania ilibeba gharama za tiba, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Uchumi ukayumba, dawa zikaadimika. Marufuku iliondolewa 1991. Mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za umma.

Kwa wanavijiji, jaribio la bima lilianzia Igunga, Tabora, mwaka 1996: Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF). Kaya ilitoa mchango wa mwaka, serikali ikaongeza kiasi hichohicho kwa mpango wa "tele kwa tele".

Watumishi wa umma walipata Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa sheria ya 1999: mtumishi alichangia asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri 3 nyingine. Kampuni binafsi za bima, kama Jubilee na Strategis, ziliwategemea zaidi waajiri wa mijini.

Mkulima wa alizeti hana mwajiri, na fedha humjia baada ya mavuno. CHF iliyoboreshwa ya 2018 ilimtoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Soko la bima binafsi halikuwa na sababu ya kumfuata. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa 2023, imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo.