Kutoka Mbiu hadi Mtandao: Istilahi za Mawasiliano katika Nyanda za Juu za Buha

1. Utangulizi

Kazi ya kuunda istilahi mara nyingi hutazamwa kama kazi ya mezani. Dhana mpya huingia nchini, kamati hukaa, maneno hupendekezwa, orodha huchapishwa. Katika makala hii tunakusudia kuitazama kazi hiyo kutoka upande wa pili, yaani upande wa wananchi wanaopokea chombo kipya cha mawasiliano pamoja na jina lake. Tumechagua wilaya za Kibondo na Kasulu katika Mkoa wa Kigoma, pamoja na sehemu zilizokatwa kutoka wilaya hizo mwaka 2012, yaani Kakonko na Buhigwe. Hii ni nchi ya Waha. Iko mbali na pwani kilipozaliwa Kiswahili, na lugha yake ya nyumbani, Kiha, ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi. Kwa hiyo neno la Kiswahili linaloota mizizi huko limekwisha kupita mtihani mgumu.

Swali letu ni hili: chombo cha mawasiliano kinapobadilika, je, ni jina tu linalobadilika, au na taasisi inayokitumia hubadilika pia? Na kama taasisi hubadilika, mwana-istilahi anawajibika nini?

2. Ngoma, Mbiu na Waya

Kabla ya ukoloni Buha ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja chini ya mwami wake. Miongoni mwazo zilikuwa Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu upande wa Kakonko. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha zilizo jirani na Kiha, neno ingoma lina maana mbili: ngoma inayopigwa, na utawala wenyewe. Jambo hili si dogo. Linatuonyesha kwamba chombo cha kuwakusanya watu na mamlaka ya kuwakusanya vilikuwa kitu kimoja katika fikra za wasemaji. Asiyekuwa na ngoma hakuwa na utawala.

Waswahili nao wana usemi wao kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hapa pia sauti haitenganishwi na mamlaka. Mbiu haipigwi na mtu yeyote anayetaka, wala hamtafuti mtu mmoja akamwacha mwingine. Hulia, na wote walio karibu husikia.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na waya za simu zilifuatana na reli. Neno simu lilitokana na neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Hapana mzungumzaji wa leo anayewaza waya anaposema simu, na ndiyo maana tuliweza kusema "simu ya upepo" na baadaye "simu ya mkononi" bila kuona kwamba tunajipinga. Neno lilikwisha kuacha umbo la chombo likashika kazi ya chombo. Fundisho hili tutalirudia hapo mbele.

3. Barua, Manamba na Hawala

Chini ya utawala wa Waingereza Buha ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotoa vibarua wengi kwa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na watu wa Kasulu na Kibondo walikuwa miongoni mwa walioandikishwa. Kila mmoja alipewa namba, na kutokana na namba hiyo lugha yetu ikapata neno manamba. Neno hili halikupitishwa na kamati yoyote. Lilizaliwa katika uchungu wa mtu kuitwa kwa tarakimu badala ya jina la baba yake.

Manamba walihitaji kupeleka habari na fedha nyumbani. Hapo ndipo msamiati wa posta ulipopata kazi: barua, stempu, rejista, sanduku la posta, hawala. Tuangalie sanduku la posta kwa makini. Mwanakijiji wa kawaida hakuwa na sanduku lake. Anwani yake ilikuwa ya misheni, ya shule, ya duka au ya chama cha ushirika. Barua iliandikwa "kupitia kwa Mwalimu Mkuu", na mwalimu huyo mara nyingi ndiye aliyeisoma kwa sauti. Kwa maneno mengine, mtu alipatikana kwa kupitia taasisi, na taasisi ilijua mambo yake. Hawala nayo ilihitaji karani, muhuri, na mtu wa kumtambua mpokeaji. Msamiati wote huo ulikuwa msamiati wa watu wa kati.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, huduma hizo zilishikwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania. Shirika hilo liligawanywa mwaka 1994, posta ikaenda upande wake na simu upande wake. Yaliyokuwa dirisha moja yakawa mashirika mawili.

4. Redio na Kijiji

Baada ya Azimio la Arusha mawasiliano yalipewa kazi ya kujenga taifa. Baraza la Kiswahili la Taifa lenyewe liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilitangaza kampeni ya "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Watu walikusanyika katika vikundi wakasikiliza pamoja, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Mwaka 1975 pia ilipitishwa Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, iliyokipa kijiji mkutano wake na halmashauri yake. Maneno kama akidi, ajenda, mwenyekiti, kumbukumbu na azimio yakatoka katika ofisi za miji yakaenea chini ya miti ya vijijini.

Inafaa kukumbuka jinsi maneno hayo yalivyoshika. Hayakuenea kwa sababu yalikuwa mazuri kuliko mengine. Yalienea kwa sababu kila neno lilikuwa na kazi katika mkutano, na kila aliyehudhuria aliiona kazi hiyo ikifanyika. Pasipo akidi mkutano uliahirishwa, na watu wakarudi makwao wakijua maana ya akidi.

Redio iliendelea kuwa na nafasi yake hata mambo yalipobadilika. Mwaka 1995, baada ya wakimbizi wengi kuingia kutoka Rwanda na Burundi, ilianzishwa Redio Kwizera huko Ngara, na matangazo yake yakasikika hadi Kibondo na Kasulu. Jina hilo, lenye maana ya kuwa na tumaini, halikuhitaji kufasiriwa kwa Muha.

5. Kompyuta, Ngamizi, Tarakilishi

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta isipokuwa kwa kibali maalumu. Kwa hiyo kwa muda mrefu Kiswahili kilitafuta jina la kitu ambacho wasemaji wake wengi hawakukiona. Likapendekezwa neno ngamizi. Likapendekezwa tarakilishi, lililounganisha tarakimu na akili. Wataalamu waliyatetea mapendekezo yao kwa hoja nzuri. Hata hivyo, kitu chenyewe kilipofika katika ofisi za wilaya, kilifika na jina lake la kigeni lililokwisha kuvikwa vazi la Kiswahili: kompyuta. Tarakilishi limepata nafasi zaidi katika vitabu, hasa nchini Kenya.

Tulinganishe na king'amuzi. Matangazo ya televisheni ya mfumo wa zamani yalianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mtu asiyekuwa na chombo cha kung'amua mawimbi mapya hakuona picha. Neno king'amuzi lilikuwapo siku hiyo hiyo chombo kilipohitajika. Lilitokana na kitenzi kinachojulikana, na lilieleza kazi. Halikushindwa. Vivyo hivyo kishikwambi: lilipata nguvu katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na chombo hicho mkononi, na likazidi kupata nguvu vyombo hivyo vilipogawiwa kwa walimu. Ngamizi lilitangulia kitu chake kwa miaka mingi likachoka njiani. Kishikwambi lilifika pamoja na kitu chake.

6. Simu ya Mkononi na Wakala

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994 katika mji wa Dar es Salaam. Mwanzoni mwa karne hii makampuni mengine yaliingia, na minara ikapanda polepole kuelekea magharibi. Mnamo Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kutandazwa mikoani. Kasulu na Kibondo ziliendelea kutegemea umeme wa jenereta hadi mwaka 2022, gridi ya Taifa ilipofika; kwa miaka mingi, basi, kuchaji simu kwa nishati ya jua kulikuwa biashara kabla umeme haujawa huduma.

Msamiati ulioandamana na simu hii ulikuwa na sura mbili. Kuna maneno yaliyotoka ndani ya lugha: salio, kifurushi, mtandao, ujumbe mfupi, muda wa maongezi. Kuna na yaliyobishwa hodi kutoka nje: laini, vocha, bando, kubipu. Mwezi Aprili 2008 ilianza huduma ya kutuma fedha kwa simu kwa jina la M-Pesa, iliyokuwa imetangulia nchini Kenya mwaka 2007. Neno hawala halikuitwa kuitumikia huduma hii. Watu walisema tu "kutuma pesa" na "kutoa pesa". Lakini neno wakala, lililokuwa la mikataba na biashara kubwa, lilishuka hadi kwenye kibanda cha mbao sokoni, na leo hakuna mtoto wa Kasulu asiyelijua.

Hapa ndipo mabadiliko ya taasisi yanapoonekana wazi. Yule mtu wa kati wa zamani, karani wa posta au mwalimu, alimjua mpokeaji kwa uso na kwa ukoo. Wakala wa leo hujua namba. Mtu aliyepatikana kwa kupitia taasisi sasa hupatikana peke yake, saa yoyote, na yeyote: mwanawe aliyeko Dar es Salaam, ofisa wa Serikali, na pia tapeli anayemwandikia atume fedha kwenye namba asiyoijua.

7. Taasisi Zinapohamia Mtandaoni

Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na Januari 2020 ikaanza kazi ya kuzifunga zisizosajiliwa. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya malipo. Katika msimu wa kilimo wa 2022/23 mkulima aliyetaka mbolea ya ruzuku aliandikishwa katika daftari la kielektroniki na kupewa namba. Hatusemi kwamba mkulima huyu ni manamba. Manamba aliandikwa ili atumikishwe, na huyu ameandikwa ili ahudumiwe. Lakini tunasema kwamba jukumu la lugha ni kuihifadhi tofauti hiyo. Mtu akipewa namba bila maneno ya kueleza namba hiyo ni ya nini, nani anaijua, na amlalamikie nani ikikosewa, tofauti hiyo hupungua.

Tuchukue mfano mmoja. Dhana ya maneno au tarakimu anazozijua mwenyewe peke yake sasa inaitwa namba ya siri, neno la siri, nywila, na pini. Mwenye elimu huona visawe tu. Kwa bibi wa Kibondo anayepokea fedha kutoka kwa mjukuu, maneno manne ni vitu vinne. Akiambiwa kamwe asimpe mtu namba yake ya siri atatii. Akiombwa kwa sauti ya upole ataje "pini" yake, huenda akaitaja. Istilahi isiyosanifiwa si kasoro ya kamusi peke yake. Ni mlango usio na komeo.

Mfano wa pili ni tangazo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano wa kijiji kuwa chombo cha wananchi wote wazima wa kijiji. Siku hizi viongozi wengi huitisha mikutano kwa ujumbe katika kundi la simu, ambalo baadhi huliita kundi sogozi na wengi huliita grupu. Je, hilo ni tangazo? Mbiu ilimfikia mwenye nyumba na mpangaji, tajiri na maskini. Ujumbe humfikia aliyemo kundini, mwenye chaji na mwenye bando. Tukiendelea kuliita tangazo bila kulifafanua, neno litaendelea kuahidi jambo ambalo chombo hakilitimizi.

8. Hitimisho

Historia hii fupi inatupa mambo matatu. La kwanza, neno hushika pale linapofika pamoja na kitu chake. Kwa hiyo Baraza halina budi kukutana na wanaoleta vyombo kabla vyombo havijateremshwa, wala si baada ya miaka kumi. La pili, neno linaloeleza kazi hudumu kuliko linaloeleza umbo, kama simu ilivyodumu baada ya waya kuondoka. La tatu, na kwetu ndilo kubwa, dhana zinazogusa fedha, utambulisho na haki za mwananchi zipewe neno moja tu, na neno hilo lijaribiwe kwa wakala, katika ofisi ya kata na sokoni kabla halijachapishwa.

Istilahi za fizikia zinaweza kungoja kikao kijacho. Neno linaloonekana kwenye kioo cha simu wakati fedha za mtu zinapotoka haliwezi kungoja. Tunawaalika wasomaji wetu, hasa walimu, watendaji wa kata na watangazaji wa redio walioko Kigoma, watuletee maneno wanayoyasikia pamoja na mahali yanapotumika, ili kamati ianze na kile ambacho wananchi tayari wanakisema.