Nyimbo za Kipupwe na za Krismasi katika Mwambao wa Ziwa Mweru

Kipupwe cha Kashikishi, kwenye mwambao wa Zambia wa Ziwa Mweru, huingia Mei na kumalizika Agosti. Watu wa mkoa huu wa Luapula huuita msimu huo umupepo: mvua hakuna, usiku una baridi, na upepo wa kusini-mashariki huchafua maji ya Mweru. Krismasi iko upande wa pili wa mwaka, katikati ya amainsa, yaani masika, njia zikiwa na tope na nyasi zimefunga vichochoro. Kwa hiyo watoto wa wilaya hii ya Nchelenge wana hazina mbili za nyimbo: moja ni ya moto wa jioni, nyingine ya kanisani. Kati ya hizo mbili ipo miezi sita, na kwa muda mrefu zilitengwa na zaidi ya miezi.

Hazina ya kwanza ndiyo kongwe. Katika lugha za eneo hili ulushimi ni hadithi yenye wimbo ndani yake, tofauti na umulumbe, ambao husimuliwa tu. Mtafiti Robert Cancel, aliyezichunguza hadithi za Watabwa, majirani wa kaskazini-mashariki mwa ziwa, alichapisha kitabu juu yazo mwaka 1989. Kipupwe ndicho kipindi kizuri cha ulushimi: mavuno yameingia, na baridi yenyewe huwakusanya watoto mekoni. Nyanya huanza kusimulia. Mhusika anapokwama, labda mtoni au mbele ya mnyama, masimulizi husimama na nyanya huanza kuimba. Watoto huitikia kwa kipande kifupi ambacho wamekwisha kukishika kabla hakijarudi mara ya pili. Kila wimbo unaporudi, hadithi imesogea hatua moja. Aliyelelewa kwa “Paukwa! Pakawa!” hahitaji maelezo zaidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba hapa mtoto si msikilizaji tu, kwani asipoitikia hadithi haiendi.

Nyimbo za Krismasi zilifika na wamisionari. Dan Crawford wa Plymouth Brethren alijenga kituo cha Luanza, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, katika miaka ya 1890, akaishi huko hadi kifo chake mwaka 1926. London Missionary Society ilianzisha Mbereshi, kusini mwa Nchelenge, mwaka 1900, na mwaka 1915 akafika hapo Mabel Shaw, aliyeiongoza shule ya bweni ya wasichana hadi 1940. Wakatoliki nao walieneza misheni zao, na St Paul's ya Kashikishi, yenye hospitali, inajulikana mwambao mzima. Vitabu vya nyimbo vilitafsiriwa katika Kibemba, lakini tuni zikabaki za Ulaya. “Stille Nacht”, kwa mfano, iliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, tarehe 24 Desemba 1818, kwa maneno ya padre Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber.

Hapo palikuwa na tatizo kubwa kuliko lilivyoonekana. Kibemba ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi hubeba maana. Kiswahili hakiko hivyo, ila msomaji anaweza kuionja hali hiyo katika neno barabara: mkazo ukihama, njia ya magari hugeuka kuwa “sawasawa”. Sasa ichukuliwe lugha ambayo maneno mengi yana hatari ya namna hiyo, kisha ivishwe tuni iliyotungwa kwa Kijerumani. Neno linataka kushuka, tuni inapanda. Hata ubeti wa kwanza ukikubali, wa pili utakataa, maana tuni ni ileile na maneno ni mengine. A. M. Jones, padre wa Kianglikana aliyeongoza chuo cha St Mark's, Mapanza, kusini mwa Zambia, aliishughulikia kasoro hii kwa miaka mingi, na kitabu chake juu ya nyimbo za ibada za Kiafrika kilitoka mwaka 1976. Hakukosea. Watoto waliimba hivyo hivyo, tena kwa furaha, lakini waliimba maneno yaliyopindishwa midomoni mwao.

Shule na redio ziliongeza nyimbo za Kiingereza za theluji, hasa baada ya mwaka 1949, ilipouzwa redio ya betri ya bei nafuu yenye umbo la sufuria. Katika nyimbo hizo kipupwe na Krismasi ni kitu kimoja. “Jingle Bells”, iliyotungwa na Mmarekani James Pierpont na kuchapishwa mwaka 1857, haiitaji Krismasi hata mara moja, lakini huimbwa kama wimbo wa Krismasi.

Mabadiliko katika nyimbo za kanisani yalianzia Katanga, upande wa Kongo. Tarehe 23 Machi 1958, mjini Kamina, kwaya ya padre Guido Haazen iliimba Missa Luba, misa yenye muziki wa Kiafrika. Waimbaji wengi walikuwa wavulana wa miaka 9 hadi 14. Maneno yalibaki ya Kilatini, lakini Kyrie iliimbwa kwa mtindo wa kasala wa Waluba, kiongozi akitangulia na wengine wakiitikia. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango kwa lugha na muziki wa kila taifa. Upande wa Zambia, padre Jean-Jacques Corbeil kutoka Kanada alikusanya nyimbo za Wabemba. Vitu vya jadi alivyokusanya vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Moto Moto, Mbala.

Tangu hapo wimbo wa Krismasi umeweza kutungwa kwa Kibemba tangu mwanzo, tuni ikifuata neno. Ngoma na makayamba viliingia kanisani, na wasichana wadogo waitwao Stella hucheza kuelekea altareni. Ule muundo wa ulushimi, sauti moja ikiita na watoto wakijibu, ulipata nafasi katika masika pia. Kiswahili nacho kipo: ng'ambo ya ziwa watu husema Noeli, na tangu 2018 wakimbizi wa Kongo wanaishi katika makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge.

Sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika ziwa hili tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Usiku wa 24 Desemba mitumbwi mingi ya Kashikishi imepandishwa ufukoni, na baba wengi wa waimbaji wamo kanisani, kwenye mabenchi, wakisikiliza.