Nani Bora wa Wakati Wote? Mjadala wa Mashabiki wa Soka Ngara na Biharamulo, na Thamani ya Kumbukumbu

Katika vijiwe vya bodaboda, magulio na mabanda ya kuonyeshea mpira ya Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kuna swali moja ambalo halijawahi kupata jibu la kudumu: ni mchezaji gani aliye bora kuliko wote waliowahi kuivaa jezi ya Kagera Sugar? Swali hilo huulizwa wikiendi baada ya wikiendi, na limepata uzito mpya tangu timu hiyo iliposhuka daraja kutoka Ligi Kuu ya Tanzania Bara mwishoni mwa msimu wa 2024/2025. Timu inapokuwa juu, mashabiki huzungumzia mchezo unaofuata. Inaposhuka, huzungumzia waliopita.

Makala haya yanaeleza historia fupi ya klabu hiyo, majina yanayotajwa zaidi katika mjadala huo, vigezo vinavyotumiwa na mashabiki, pamoja na umuhimu wa kutunza kumbukumbu za wachezaji kuanzia ngazi ya wilaya.

Timu ya mkoa mzima

Kagera Sugar inatokana na kiwanda cha sukari kilichopo Wilaya ya Misenyi, na uwanja wake wa nyumbani ni Kaitaba, mjini Bukoba. Mashabiki huiita kwa jina la utani la Wanankurukumbi. Kabla yake, Mkoa wa Kagera uliwakilishwa katika ligi ya juu na timu nyingine, zikiwemo RTC Kagera na Balimi, ambazo wazee hawakosi kuzitaja kila wanapoona vijana wanaanza hesabu zao katika miaka ya 2000.

Kwa mkazi wa Ngara au Biharamulo, kwenda Kaitaba ni safari ndefu inayohitaji nauli na maandalizi. Wengi wameifahamu timu yao kwa njia ya redio, kisha kwa luninga. Hali hiyo inaeleza kwa nini mjadala wa wilaya hizi mbili hutegemea sana masimulizi: aliyekuwepo uwanjani husimulia, asiyekuwepo hupokea, na jina la mchezaji hukua au kufifia kadiri linavyopita kinywa hadi kinywa.

Kagera Sugar ilitwaa Kombe la Tusker mwaka 2006. Katika Ligi Kuu, msimu unaokumbukwa zaidi ni wa 2016/2017, ambapo chini ya Kocha Mecky Maxime ilimaliza nafasi ya 3, nyuma ya Yanga na Simba. Mafanikio hayo yalipatikana katika msimu ambao mkoa ulikumbwa na tetemeko la ardhi la Septemba 10, 2016, lililosababisha vifo na kubomoa nyumba nyingi.

Majina yanayotajwa zaidi

Jina la kwanza ni la kiungo George Kavila, aliyekuwa nahodha kwa muda mrefu. Wanaomtetea hawataji bao moja wala mchezo mmoja. Hutaja miaka. Hoja yao ni kwamba ubora wa mchezaji wa klabu hupimwa kwa kubaki, hasa katika timu ambayo kila anayeng'ara huondoka kwenda Dar es Salaam. Katika kundi hilohilo hutajwa mshambuliaji Themi Felix, aliyeondoka na baadaye akarejea.

Jina la pili ni la mshambuliaji Mbaraka Yusuph, aliyefunga mabao 12 katika msimu wa 2016/2017, akatunukiwa tuzo ya mchezaji bora chipukizi wa ligi, na baadaye akasajiliwa na Azam. Wanaomuunga mkono husema kwamba hakuna mchezaji aliyewahi kuwapa furaha nyingi kwa muda mfupi kama yeye. Wapinzani wao hujibu kwa maneno ya wahenga kwamba chema hakikai, na kuuliza kama msimu mmoja unatosha kumweka mtu juu ya waliotumikia klabu kwa muda mrefu.

Jina la tatu ni la mlinda mlango Juma Kaseja. Sifa zake nyingi alizipata Simba, ikiwemo mwaka 2003 ambapo timu hiyo iliitoa Zamalek ya Misri kwa mikwaju ya penalti katika michuano ya klabu bingwa Afrika. Hata hivyo, mashabiki wa Kagera wanamkumbuka kwa siku moja: Mei 19, 2018. Siku hiyo Simba ilikuwa inakabidhiwa kombe la ubingwa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, mbele ya aliyekuwa Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, ikiwa haijapoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Edward Christopher aliifungia Kagera Sugar bao dakika za mwisho, kisha Kaseja akapangua penalti ya Emmanuel Okwi. Matokeo yakawa 1-0, na hicho ndicho kichapo pekee ambacho Simba ilikipata katika ligi msimu huo.

Mchezo huo ndio chanzo cha ubishi mkubwa zaidi. Wapo wanaosema Christopher astahili heshima kuliko Kaseja, kwa kuwa bila bao lake penalti isingekuwa na uzito uleule. Wapo wanaosema bao lingesahaulika endapo penalti ingeingia. Wapo pia wanaowakatalia wote wawili kwa hoja kwamba mchezaji bora wa klabu hawezi kupatikana kwa dakika 10 za siku moja.

Jina la nne, linalotajwa zaidi na vijana, ni la Yusuph Mhilu, aliyekuwa miongoni mwa wafungaji wa juu wa ligi akiwa na Kagera Sugar msimu wa 2019/2020, kabla ya kujiunga na Simba mwaka 2021.

Sauti ya mpakani

Mjadala wa Ngara una ladha yake. Wilaya hiyo inapakana na Rwanda kupitia Rusumo na Burundi kupitia Kabanga, na mashabiki wake hufuatilia soka la nchi hizo kwa karibu. Kwa sababu hiyo, swali la mchezaji bora mara nyingi huvuka mipaka ya Kagera Sugar na kuingia kwa Simba na Yanga, klabu ambazo karibu kila shabiki wa Tanzania ana upande wake.

Hapo ndipo linapotajwa jina la Amissi Tambwe wa Burundi, aliyetoka Vital'O na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu msimu wa 2013/2014 akiwa Simba kwa mabao 19, kisha akawa mfungaji bora tena msimu wa 2015/2016 akiwa Yanga kwa mabao 21. Mwenzake Saido Ntibazonkiza alimaliza msimu wa 2022/2023 akiwa mfungaji bora pamoja na Fiston Mayele, kila mmoja akiwa na mabao 17. Kwa upande wa Rwanda, Meddie Kagere aliongoza kwa mabao misimu miwili mfululizo akiwa Simba: 23 mwaka 2018/2019 na 22 mwaka 2019/2020. Haruna Niyonzima naye alizichezea Yanga na Simba kwa nyakati tofauti.

Wazee husikiliza takwimu hizo, kisha huzirudisha nyuma. Hutaja Juni 1, 1968, Yanga ilipoifunga Simba, wakati huo ikiitwa Sunderland, mabao 5-0, Maulid Dilunga na Salehe Zimbwe wakifunga 2 kila mmoja. Hutaja pia Julai 19, 1977, Simba ilipolipa kwa mabao 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga 3. Kibadeni huyohuyo baadaye aliifundisha Kagera Sugar, hivyo mashabiki wa Kagera humhesabu kuwa sehemu ya historia yao.

Vigezo vinavyotumika

Ukiondoa ushabiki, hoja za pande zote hujengwa juu ya vigezo vitano. Cha kwanza ni muda wa utumishi, yaani misimu na idadi ya michezo. Cha pili ni mchango unaohesabika, kama mabao, pasi za mabao na michezo ambayo mlinda mlango hakuruhusu bao. Cha tatu ni uzito wa tukio: bao dhidi ya bingwa halilingani na bao la 5 katika mchezo uliokwisha kuamuliwa. Cha nne ni ubora wa wapinzani na mazingira ya wakati husika, ikiwemo hali ya viwanja. Cha tano ni mwenendo wa mchezaji, ndani na nje ya uwanja.

Wanaobishana mara nyingi hawatofautiani kuhusu mchezaji, bali kuhusu kigezo. Anayemtaja Kavila anapima muda. Anayemtaja Mbaraka anapima mabao. Anayemtaja Kaseja anapima uzito wa tukio. Kila mmoja yupo sahihi kwa kipimo chake. Kukubaliana juu ya kigezo kabla ya kutaja jina hupunguza jazba, na kuufanya mjadala ubaki kuwa burudani inayounganisha jamii.

Kumbukumbu si jambo dogo

Umuhimu wa kumbukumbu sahihi ulionekana wazi katika msimu uleule wa 2016/2017. Aprili 2, 2017, Kagera Sugar iliifunga Simba mabao 2-1 Kaitaba. Simba ikakata rufaa, ikidai kwamba beki mmoja wa Kagera Sugar alicheza akiwa na kadi 3 za njano. Kamati ya Saa 72 iliipa Simba pointi 3, lakini uamuzi huo ulitenguliwa na pointi zikarudi Kagera. Shauri zima lilihusu jambo moja: je, kadi fulani ilitolewa na kuandikwa, au haikutolewa? Mbio za ubingwa wa nchi nzima ziliningʼinia kwenye mstari mmoja wa ripoti ya mchezo.

Ikiwa hali inaweza kuwa hivyo Ligi Kuu, hali ya ligi za wilaya inahitaji uangalizi zaidi. Mchezaji wa Tanzania huanza katika mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kisha ligi ya wilaya, ligi ya mkoa na Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kabla ya kufikia ligi za kitaifa. Ngazi za chini ndizo zenye wachezaji wengi zaidi, na ndizo ambazo majina hupotea kwa urahisi zaidi. Mfungaji aliyeifikisha timu ya kata fainali hukumbukwa na waliomwona tu. Wakiondoka wao, naye huondoka.

Hatua za kuzuia upotevu huo hazihitaji gharama kubwa. Katibu wa timu anaweza kuwa na daftari moja la kudumu linaloonyesha tarehe ya mchezo, uwanja, majina kamili ya wachezaji na namba zao, wafungaji na dakika, kadi zilizotolewa, jina la mwamuzi na matokeo. Nakala ya fomu ya wachezaji ihifadhiwe baada ya kila mchezo. Picha ya timu iandikwe majina nyuma yake siku ileile, si miaka 20 baadaye. Wachezaji wa zamani wahojiwe wangali hai.

Aidha, Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Na. 12 ya mwaka 1967 ndiyo inayosimamia maendeleo ya michezo nchini, na vyama na vilabu vya michezo vinatakiwa kusajiliwa. Klabu iliyosajiliwa huwa na katiba, uongozi unaotambulika na mahali rasmi pa kuhifadhi nyaraka zake. Viongozi wa timu za kata wanaweza kupata maelekezo kwa maafisa utamaduni na michezo wa halmashauri zao.

Mjadala unaendelea

Kushuka daraja si mwisho wa klabu. Mashabiki wa Kagera Sugar wanakumbuka msimu wa 2018/2019, ambapo timu yao iliifunga Simba nyumbani na ugenini, lakini ikalazimika kucheza mchujo dhidi ya Pamba ili ibaki Ligi Kuu. Ilibaki. Safari hii njia ya kurejea inapita katika Ligi ya Championship.

Ngara na Biharamulo zina swali jingine ambalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: ni lini jina la kijana aliyeanzia katika viwanja vya wilaya hizo litaingia katika orodha hiyo? Huenda tayari anacheza katika ligi ya kata. Siku jina lake litakapoanza kubishaniwa, daftari la katibu wa timu yake ndilo litakaloonyesha alianzia wapi.